Damu Hukumbuka Koo Lililosahauliwa

Mtoto huumwa koo siku tatu au nne, husukutua maji ya chumvi, hupona, na nyumba nzima husahau. Baada ya majuma mawili au matatu huamka ana homa na goti limevimba. Kesho yake maumivu yamehamia kiwiko. Daktari hushuku homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu vali za moyo. Lakini koo likipimwa wakati huo, mara nyingi vijidudu vimekwisha kutoweka. Hapo ndipo damu huulizwa.

Vijidudu hivyo, streptokoka, hutoa sumu ipasuayo chembe nyekundu za damu, nao mwili hutengeneza kingamwili za kuipinga. Mtaalamu E. W. Todd alieleza mwaka 1932 namna ya kuzipima. Kipimo chake huitwa ASO. Kingamwili hizo hufika kileleni kati ya juma la tatu na la tano, kisha hushuka polepole kwa miezi kadhaa. Ikiwa ugonjwa ulianzia kwenye vidonda vya ngozi, ASO huweza kubaki chini, na daktari huagiza kipimo kingine kiitwacho anti-DNezi B.

Ndugu msomaji, kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikosea. Hesabu kubwa ya ASO si ugonjwa. Watoto wa shule huambukizana koo mara kwa mara, hivyo wengi wao huwa na hesabu kubwa kuliko ya wakubwa, nao ni wazima, wanacheza mpira. Karatasi ya maabara peke yake, pasipo viungo kuvimba wala moyo kuwa na dalili, haimstahilishi mtoto kudungwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka. Na hesabu ndogo ya siku moja haimalizi shaka. Damu hupimwa tena baada ya majuma mawili hivi, ionekane kama inapanda.

Askari wanahusika pia, kwa kuwa koo hili huenea upesi mabwenini. Utafiti uliofanywa katika kambi ya Warren, Wyoming, Marekani, na kutangazwa mwaka 1950, ulionyesha kwamba penisilini ikitolewa koo lingali linauma, homa ya baridi yabisi huzuilika kwa sehemu kubwa. Hata dawa ikianza siku ya tisa bado husaidia. Basi mwenye koo linalouma pamoja na homa na tezi za shingo kuvimba aende zahanati mapema, na akipewa vidonge vya siku 10, avimalize vyote.