Kabla ya kuchimba shimo la biogazi, jaribu kwanza ndani ya bidoni



Hapa Kindu makala inakula franga za nyumba, ndiyo maana biogazi inavutia wengi. Lakini shimo la biogazi linaomba simenti na kazi nyingi. Mbele ya kulichimba, tujue kama uchafu wetu unatoa gazi. Ku laboratwari wanapima kwa chupa ndogo zenye kufungwa. Sisi tunaweza kutumia bidoni.

Tafuta bidoni 3 za lita 5. Katika kila moja weka lita 2 za mbegu: mavi mabichi ya ngombe na maji, nusu kwa nusu. Ya kwanza iache na mbegu tu. Ya pili ongeza gramu 200 za mavi ya nguruwe. Ya tatu, gramu 200 za maganda ya muhogo, yakatwe kidogo-kidogo. Ongeza maji, zote zilingane. Funga vizuri, hewa isiingie.

Kutoka kila kizibo pitisha tuyo mpaka ndani ya bidoni ingine yenye kujaa maji, iliyopinduliwa ndani ya beseni. Gazi itasukuma maji. Fasi iliyobaki bila maji ndiyo kipimo cha gazi. Andika kila asubuhi, siku 30.

Mbegu nayo inatoa gazi, kwa hiyo tunatoa hesabu yake. Tuseme bidoni ya kwanza imetoa lita 15, ya pili lita 25: mavi ya nguruwe yametoa lita 10.

Laboratwari inashika joto ya digri 35 hadi 37. Kwetu bila kupasha, gazi itakawia. Weka bidoni zote pamoja kivulini.

Maganda ya muhogo yanaoza mbio na kuleta uchachu. Ukizidi, mikrobu za kutengeneza metani zinasimama. Ukisikia harufu kali ya uchachu na gazi imekatika, punguza maganda, ongeza mavi. Maganda ya mpunga ni magumu, yanatoa gazi kidogo sana. Afadhali yatandikwe chini ya wanyama.

Angalisho: tuyo isizibe, bidoni inaweza kupasuka. Moto usikaribie. Gazi ya siku za kwanza haiwaki vizuri, sababu metani ingali kidogo, musikate tamaa.

Daftari ya siku 30 iletwe ku mkutano, mbele koperative haijatoa franga.