Mkimbiaji wa kawaida atangulize viatu

MBIO katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet si za mabingwa pekee. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, Mkenya wa kwanza kutwaa medali ya Olimpiki, alipopata shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964. Lakini anayekimbia kwa ajili ya afya hana kocha wala mfadhili. Kila shilingi aitumie kwa busara.

Kwanza ni viatu. Mvua hunyesha huku karibu mwaka mzima, na njia za udongo baina ya michai huteleza. Viatu vya mitumba vinafaa, mradi soli haijalika na vidole visibanwe. Kwa mchumaji majani chai anayelipwa kwa kilo, kifundo cha mguu kikiteguka ni ujira uliopotea.

Chakula hakihitaji gharama. Ndizi mbivu, kiazi kitamu cha kuchemsha au chai yenye sukari hutia nguvu, ikiwa mtu atakula mapema kabla ya kukimbia. Mursik ungoje hadi baada ya mbio, kwani maziwa mengi huweza kulisumbua tumbo njiani.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutokana na uhaba wa oksijeni, mgeni anayeanza mashindano kwa kasi huishiwa pumzi mapema. Aidha, siku hiyo si ya kujaribu kiatu kipya wala chakula kigeni. Mwenda pole hajikwai.