Fedha za Umma kwa Usafi wa Mitaa Iliyo Jirani na Kiwanja cha Ndege

Wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho hata Dandora, Kayole, Pipeline na Utawala, wamezoea kuona vijana wakizibua mifereji, wakizoa takataka na kupanda miti kwa jasho lao wenyewe. Mara nyingi kazi hiyo huanza kwa moyo mkubwa, ikaendelea miezi michache, kisha ikafa kwa kukosa toroli, mabeleshi na miche. Lakini ziko fedha za umma ambazo zimewekwa kwa ajili ya kazi za namna hiyo. Shida ni kwamba watu wengi hawajui fedha hizo zinaombwa wapi, wala hawajui kwa nini kikundi kimoja hupewa na kingine hunyimwa. Makala hii yaeleza mambo hayo.

TAKATAKA NA EROPLENI

Kiwanja cha ndege cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kukijenga ilifanywa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka 1978 kilipewa jina la Jomo Kenyatta. Wakati kilipojengwa, Embakasi ilikuwa mbuga tupu. Leo mji umekifikia, na watu wengi sana hulala na kuamka wakisikia ngurumo za eropleni juu ya mapaa yao.

Huenda mtu akauliza: uchafu wa mtaani wahusu nini na eropleni? Wahusu sana. Takataka za chakula huita ndege wala mizoga, kama vile mwewe, kwarara na wale marabu wakubwa waonekanao wakisimama juu ya majaa ya Nairobi kama wazee barazani. Ndege hao huruka kwenda na kurudi kutafuta chakula, na mmoja wao akiingia katika mashine ya eropleni aweza kuiharibu. Hili si jambo la kubuni. Tarehe 15 Septemba 1988, huko Bahir Dar katika Ethiopia, eropleni ya abiria ilipokuwa ikiondoka iligonga kundi la njiwa, mashine zake zote mbili zikaharibika, ikaanguka na kuwaka moto. Katika watu 104 waliokuwamo, 35 walikufa.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa usafiri wa anga hushauri kwamba jaa la takataka lisiwe ndani ya kilometa 13 kutoka kiwanja cha ndege. Jaa la Dandora liko kilometa zipatazo 9 tu. Lilianza katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2001 lilikwisha kutangazwa kwamba limejaa. Shauri lilipotolewa la kulihamishia Ruai, wakuu wa viwanja vya ndege walipinga kwa kuogopa ndege hao hao, kwani Ruai nayo haiko mbali na njia za eropleni. Basi jaa likabaki pale pale, karibu na nyumba za watu.

MADHARA KWA WATOTO

Kabla ya kumwumiza msafiri wa angani, uchafu huo umekwisha kumwumiza mtoto wa jirani. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waliokaa au kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofika au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Madini hayo, yatumikayo katika betri za magari, huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa udongo ulio katika vidole vya mtoto, na hudhuru akili yake inapokua. Kwa hiyo kikundi kinachozuia takataka zisichomwe uani kinalinda vichwa vya watoto wake.

MILANGO YA KUBISHA

Mlango wa kwanza ni Kaunti ya Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzoa takataka na kutunza majaa, na mwaka 2014 kaunti ilitunga sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Wadi. Mapendekezo ya wananchi hupokewa katika mikutano ya makadirio ya fedha. Mtaa usiohudhuria mikutano hiyo usishangae ukisahauliwa.

Mlango wa pili umekuwa ni Mfuko wa Maendeleo wa Maeneo Bunge, ulioanza mwaka 2003 na kuwekewa sheria mpya mwaka 2015. Eneo la zamani la Embakasi liligawanywa kuwa matano kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, na kila moja likawa na kamati yake. Sheria iliruhusu sehemu ya fedha hizo itumike kwa kazi za mazingira. Lakini mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko huo unapingana na Katiba, ikauwekea mwisho wa tarehe 30 Juni 2026. Kwa hiyo yampasa kila mwombaji aulize kwanza ofisini hali ya mfuko ilivyo kabla ya kuandika maombi.

Mlango wa tatu ni Mfuko wa Taifa wa Mazingira, uliowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Kazi yake ni kusaidia utafiti, mafunzo, tuzo na ruzuku za mazingira.

Mlango wa nne hautoki serikalini. Huo ni mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, ulioanza mwaka 1992 na kufika Kenya mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kabisa cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000. Mpango huu hutaka kikundi nacho kitoe sehemu yake, kwa fedha au kwa kazi ya mikono.

Yafaa kutofautisha ruzuku na mshahara. Mpango wa Kazi Mtaani, ulioanza mwezi wa Aprili 2020 wakati wa Korona, ulilipa vijana kwa siku walizofanya kazi, na ulipokwisha malipo yalikwisha pia. Ruzuku hupewa kikundi kwa kazi maalum, na kikundi hutakiwa kueleza kila shilingi ilikokwenda.

MAMBO YATAKIWAYO

Kwanza, kikundi kiandikishwe. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 hutaka wanachama wasiopungua kumi, kanuni zilizoandikwa, na kumbukumbu za mkutano ulioamua kuanzisha kikundi. Pili, kiwe na hesabu katika benki, na fedha zisitolewe kwa sahihi ya mtu mmoja. Tatu, kiwe na daftari la mapato na matumizi, pamoja na risiti zote, hata ile ya kamba ya shilingi hamsini.

Jambo la tatu ndilo linalovunja vikundi vingi. Mweka hazina aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini asipoandika, siku ya kuulizwa hana la kujibu, na majirani humwita mwizi. Daftari si alama ya kutoaminiana. Daftari humlinda mweka hazina mwenyewe.

Nne, ijulikane kiwanja cha kufanyia kazi ni cha nani. Karibu na kiwanja cha ndege jambo hili ni zito. Mwaka 2011 nyumba nyingi za Kyang'ombe na Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya kiwanja cha ndege. Hakuna mfuko utakaotoa fedha za bustani mahali ambapo tingatinga laweza kufika kesho. Barua ya ruhusa itangulie barua ya maombi.

MFANO WA KIKUNDI

Na uchukuliwe mfano wa kikundi cha watu ishirini katika mtaa kama Tassia, wanaotaka kusafisha mfereji na kupanda miti. Wakiandika tu, "Twaomba msaada wa kutunza mazingira," barua yao haitasomwa mara mbili. Lakini wakieleza kwamba mfereji una urefu wa mita mia mbili, kwamba umeziba mahali patatu, kwamba nyumba arobaini hufurika mvua za masika zinyeshapo, kwamba wanahitaji toroli nne, mabeleshi kumi na mapipa sita yenye vifuniko, na bei ya kila kitu kwa maduka matatu, hapo wanaosoma wataona kazi yenyewe kama kwamba wamesimama mfereji ulipo.

Kikundi hicho kikumbuke pia jirani yake wa angani. Si kila kazi njema ya mazingira yafaa karibu na kiwanja cha ndege. Miti yenye matunda mengi madogo huita makundi ya ndege, na vidimbwi vya maji huwaita vile vile. Miti irefukayo sana yaweza kukatazwa katika njia ya eropleni. Mapipa yasiyo na vifuniko ni karamu ya marabu. Yafaa kuomba shauri la wakuu wa kiwanja kwanza, na kulitaja shauri hilo katika maombi.

KAZI HUTANGULIA FEDHA

Katika Dandora vijana walianza kwa kusafisha viwanja vya katikati ya nyumba, kimoja baada ya kingine, na wenye nyumba wakawa wakichanga kidogo kidogo ili usafi udumu. Baadaye viwanja vikashindana kwa uzuri. Katika Korogocho kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green Solutions, kilichoanza mwaka 2017, kiligeuza ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa na maficho ya wahalifu kuwa bustani ya watu wote. Vikundi hivyo vilishika mabeleshi kwanza, na watoa fedha walipokuja walikuta kitu cha kuonyeshwa.

Kunako kiwanja cha Heathrow, London, faini watozwazo wenye eropleni zinazopita kiasi cha kelele kilichoruhusiwa hutiwa katika mfuko wa kuwasaidia wakazi wa jirani. Wakazi wa Embakasi wakitaka mpango wa namna hiyo, Katiba imewapa haki ya kupeleka ombi lao Bungeni, na kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini ombi la mtaa uliojipanga, wenye kikundi kilichoandikishwa na daftari lisilo na doa, lina nguvu kuliko kelele za watu elfu wasiojuana. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha kwanza hujazwa na mwenye nyumba mwenyewe.