Makala ya Magunia na Makala ya Magazeti

Mwambie mfanyabiashara wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwamba unatafuta makala, naye atakuuliza unataka magunia mangapi. Kwa Wakongo, wawe wanasema Kilingala au Kiswahili cha kwao, makala ni mkaa, ule ambao biashara yake imekula sehemu kubwa ya misitu ya Virunga. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, makala ni maandishi kama haya. Herufi ni sita zile zile, matamshi ni yale yale, na maneno hayo mawili hayana undugu hata chembe.

Makala ya magazeti yametoka Uarabuni. Kiarabu kina kitenzi qala, yaani "alisema". Humo mmetoka qawl, ambalo kwetu limekuwa kauli, na maqala, yaliyosemwa, ambalo baadaye lilishika maana ya andiko. Neno hilo limefika mbali: Waturuki wana makale, na Waindonesia wana makalah, andiko la kusomwa kwenye semina. Ma- ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu, kile kile kilichomo katika maktaba na maskani. Lakini sikio lililozoea ngeli za Kibantu likisikia ma- linahisi wingi, ndiyo maana huyu anaandika "makala hii" na yule "makala haya". Kitabu nacho kilipita njia hiyo. K yake ni ya mzizi wa Kiarabu, k-t-b, lakini sisi tuliichukua silabi yake ya kwanza kama ki- ya kiti, tukapata vitabu.

Makala ya magunia ni Kibantu kitupu. Mnyarwanda anasema amakara, Mkikuyu makara, msemaji wa Kilingala makala. Sisi tunasema makaa. Je, ile l, ambayo kwa Wanyarwanda na Wakikuyu ni r, imekwenda wapi?

Imedondoka. Katika maneno mengi ya urithi, Kiswahili kiliiacha l iliyokuwa kati ya irabu mbili. Njaa yetu ni nzala kwa Kilingala, enjala kwa Kiganda, inzara kwa Kinyarwanda na indlala kwa Kizulu. Kuzaa kwetu ni okuzaala kwa Waganda. Kukaa kwetu ni kukala kwa Wadigo, majirani zetu wa pwani ya kusini ya Kenya. Na huhitaji kwenda kwa majirani kupata ushahidi, kwa sababu l hiyo bado imo kinywani mwetu. Tunasema kaa, lakini kalia. Zaa, lakini zaliwa. Nunua, lakini nunulia. Chukua, lakini chukuliwa. Kitenzi kikiongezewa kiambishi tamati, sauti iliyopotea karne nyingi zilizopita inarudi mahali pake. Mimi sijui ushahidi mzuri kuliko huo katika sarufi yetu yote, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wanakariri kauli ya kutendea bila kuambiwa jambo hili.

Kwa hiyo lau Kiswahili kisingeidondosha l, leo mwandishi wa gazeti na muuza mkaa wangekuwa wanagombea neno moja.

Tangu Carl Meinhof, Mjerumani, alipochapisha mwaka 1899 kitabu chake cha kulinganisha sauti za lugha za Kibantu, wanaisimu wa lugha hizo wamekuwa wakifuata kanuni ambayo mwanzoni inashangaza: kufanana kwa maneno mawili hakuthibitishi undugu. Kinachothibitisha ni tofauti inayojirudia kwa utaratibu. Makaa na makala, njaa na nzala: pale penye l huko, hapa hapana kitu, neno baada ya neno. Bahati haiwezi kupanga mambo hivyo. Inachoweza ni kugonganisha maneno mawili, hasa katika lugha zenye silabi fupi na sauti chache. Mfini ana makkara, na kwake hiyo ni soseji.

Bahati inaweza hata kugonganisha sauti na maana kwa pamoja. Miaka ya 1960 mwanaisimu R. M. W. Dixon aliichunguza lugha ya Kimbabaram huko Queensland, Australia, akakuta kwamba mbwa anaitwa dog, kama kwa Kiingereza. Wambabaram hawakuliazima neno hilo kwa Waingereza. Neno la kale la eneo hilo ni gudaga, na ndivyo walivyosema majirani zao Wayidiny. Kimbabaram kilikata silabi ya kwanza na irabu ya mwisho, na irabu ya kati ikageuka. Dog ya Kiingereza, kwa upande wake, imetoka kwa docga ya Kiingereza cha kale.

Siku hizi simu zetu zimejaa jumbe zinazodai kwamba neno fulani la Kiswahili ni Kiarabu, Kiebrania au Kimisri cha kale, na hoja yote ni kwamba maneno yanafanana. Msomaji, kabla ya kuutuma ujumbe huo kwa mwingine, litafute neno hilo kwanza katika lugha ya kwenu na za majirani. Waulize wazee wanaitaje mkaa, njaa, kuzaa na kukaa, uyaandike majibu yao kando ya Kiswahili, kisha uitafute ile l.