Gari Kuukuu na Pesa Kidogo: Anza na Nini?

Gari lililopuuzwa kwa miaka mingi huwa na kasoro nyingi kuliko pesa za mwenyewe. Wengi huanza na kinachoonekana: rangi, viti au redio. Katika kaunti yetu, ambako joto hupita nyuzi 35 na msafiri wa Modogashe au Ijara huenda mwendo mrefu bila kuona gereji, mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama abiria watafika. Tengeneza kwanza kinachoweza kuua, kisha kinachoweza kuharibu injini, na mwisho kinachokera tu.

Kwanza: breki na matairi

Oili ya breki iwe kati ya alama za MIN na MAX. Ikishuka, huenda pedi zimelika au kuna mahali panapovuja. Kuongeza pekee si dawa. Ukikanyaga breki ikazama, au gari likivuta upande mmoja, usiondoke. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2317 maana yake ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lililopasukapasuka ubavuni kwa sababu ya jua na umri libadilishwe, hata kama halijalika. Kumbuka kukagua na spea.

Pili: rejeta

Fungua kifuniko injini ikiwa imepoa kabisa. Ikiwa moto, maji yataruka na kukuunguza. Maji yenye rangi ya kutu yanaonyesha kwamba rejeta inahitaji kusafishwa. Visima vingi vya eneo letu vina maji ya chumvi, ambayo huacha ukoko na kutu ndani. Tumia kulanti inayofaa gari lako. Ukikwama njiani, maji yoyote yatakusaidia kufika, lakini yamwage na usafishe rejeta baadaye. Minya mipira yake pia: iliyolegea mno au kupasuka ibadilishwe.

Tatu: oili na mikanda

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, huenda maji yamepenya ndani ya injini; usiiwashe, mwite fundi. Ikiwa nyeusi tu, badilisha oili pamoja na filta yake. Kagua pia chujio la hewa, kwa maana vumbi letu huliziba upesi.

Ikiwa injini inatumia mkanda wa taimingi na hujui ulibadilishwa lini, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukikatika njiani, injini huzima, na nyingine huharibika vali.

Jilinde, linda na maji

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Liegemeze juu ya stendi imara, mahali pa tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa kwa mawe.

Oili chafu usiimwage ardhini, karibu na kisima, bwawa la mifugo au Mto Tana. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko na uipeleke gereji inayokusanya oili kuukuu. Maji hayo ndiyo tunayokunywa, sisi na mifugo yetu.