Feri, Karata na Kete

Wajukuu zangu, wekeni karata chini mje hapa kivulini mwa mbuyu. Tangu adhuhuri nawasikia mkizozana. Mmoja ana karata ya joka kubwa na analia kwamba hawezi kulitumia. Mwingine anamcheka: "Huna nishati!" Mnataka kujua kwa nini mchezo umnyime mtu joka lake mwenyewe? Basi tuanze na feri.

Mnaliona daraja lile? Lilifunguliwa 1991. Kabla yake, aliyetoka hapa Mnarani kwenda Kilifi mjini alivuka kwa feri. Uwe na malori kumi ya nazi, feri ilichukua kiasi chake, ikaenda, ikarudi. Nazi zote zilikuwa zako, lakini sokoni zilihesabiwa zile tu zilizokwisha kuvuka.

Mchezo wa karata nao una feri yake. Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996, kwa kawaida inakuruhusu kumpa mnyama wako karata moja tu ya nishati kila zamu. Joka likidai nishati tatu ndipo lishambulie, utangoja zamu tatu. Na wakati wewe unangoja, mwenzako mwenye kijidudu cha nishati moja anakutafuna. Kwa hiyo kila zamu una la kuamua: hiki kidogo kilichovuka leo umpe mdogo apigane sasa, au umwekee mkubwa wa kesho?

Magic, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, una karata za ardhi zinazotoa nguvu ya kushusha majitu. Nazo unashusha moja kwa zamu. Ardhi ni kama mnazi: leo umeuangua, zamu ijayo unauangua tena. Ila dafu hilo haliwekwi akiba. Usipolinywa kwa wakati wake, limemwagika. Tena ardhi zimechanganywa na karata nyingine. Katika fungu la karata 60, wachezaji wengi hutia ardhi kama 24. Ukiokota ardhi chache mno, mkono unajaa majitu yasiyoweza kushuka. Ukiokota ardhi tupu, una shamba kubwa lisilo na mlinzi. Hapo hata fundi anaweza kufungwa na bahati.

Sasa nisogezeeni bao langu. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64, kila mtu 32. Mwanzo unatia kete sita katika shimo hili la mraba, tunaliita nyumba, na mbili mbili katika mawili ya kuliani kwake. Zimebaki ngapi? Eee, 22. Hizo zinakaa ghalani.

Awamu ya kwanza ni namua. Kila zamu unatoa kete moja ghalani, unaitia katika shimo la safu ya mbele lenye kete. Moja tu. Mmeiona feri? Shimo la mwenzako linalotazamana na hilo likiwa na kete, unazila na kuzitawanya upande wako. Usipopata cha kula, unatakata, yaani unatawanya kete zako bila kula, unajipanga.

Na hapa bao lina ukali wake. Kete haitupwi nje. Ulichoporwa kinakaa mbele ya macho yako, kimegeuka jeshi la mwenzako. Wala hakuna karata iliyofunikwa ya kusingizia. Ukifungwa, umefungwa na hesabu yako.

Ghala likikauka, namua imekwisha. Feri haiji tena. Sasa unacheza kwa kete zilizomo mashimoni tu, na awamu hii wazee waliipa jina linalotosha kuwa somo: mtaji. Aliyetia kete zake 22 mahali pazuri anaanza biashara. Aliyezitia ovyo anaanza na madeni.

Na ile nyumba? Unaweza kuiacha inenepe. Mimi nilipokuwa kijana niliilinda nyumba yangu kama mtoto mchanga, ikafurika kete. Mwenzangu akatia kete moja ng'ambo yake, akaila yote. Kijiji kizima kilicheka! Siku ile nilijua kwamba akiba ina saa yake ya kusafiri, na ukiichelewesha, mwingine atakusafirishia.

Haya, mwenye joka, tusikie. Mkononi una kijidudu cha nishati moja, ulikidharau. Ungekitanguliza, kingelinda njia huku joka likivushiwa zake kidogo kidogo. Umeelewa? Usiniitikie kwa kichwa. Kaa hapo mbele yangu, chukua kete moja ghalani. Moja, nimesema! Haya, unaitia wapi?