Karata Ishirini na Moja Barazani Kawempe

Atokaye katikati ya jiji la Kampala kwa barabara ya Bombo, akiisha kuipita Bwaise, hufika Kawempe. Jioni, kwenye baraza za maduka ya hapo, karata huchezwa sana, hasa ule mchezo ambao wenyeji huuita matatu. Ndipo mwandishi alipomkuta polisi mmoja mstaafu akimwambia askari kijana aliyekuwa likizoni: "Mwanangu, chagua karata moja moyoni mwako. Usinitajie."

Mzee alikuwa ametenga karata 21 katika jozi yake. Alizigawa wazi, moja moja, katika mafungu matatu: kushoto, katikati, kulia, kisha tena kushoto, hata kila fungu likawa na karata saba. Kijana akaonyesha fungu lenye karata yake. Mzee akayakusanya yote, lile lililoonyeshwa akiliweka katikati ya mengine mawili, akayageuza kifudifudi na kugawa tena vile vile bila kuchanga. Akafanya hivyo mara tatu. Mwishowe akahesabu kutoka juu na kuifunua karata ya 11. Ilikuwa saba ya kopa, na kijana aliruka kutoka kitini.

"Mzee, karata hizi zina alama!" alisema. Akazichunguza nyuma na mbele, asione kitu.

Ndugu askari, kiinimacho hiki hakihitaji mkono mwepesi. Fungu likiwekwa katikati mara ya kwanza, karata iliyochaguliwa haina budi kuwa kati ya nafasi ya 8 na ya 14. Zikigawiwa tena, karata hizo saba huangukia nafasi ya tatu, ya nne au ya tano katika mafungu. Fungu likionyeshwa mara ya pili na kuwekwa katikati, karata imekwisha kubanwa kati ya nafasi ya 10 na ya 12. Na katika mgao wa tatu, kila moja ya hizo tatu huwa ya nne katika fungu lake. Basi mwenye mazoea huijua karata mara tu anapoonyeshwa fungu kwa mara ya tatu. Kule kuhesabu hadi 11 ni madoido tu.

Kwa kweli, afanyaye kazi yote ni mtazamaji. Kijana yule aliamini kwamba ameficha siri yake, kumbe ameitoa kwa majibu matatu mafupi. Askari aliyepata kumhoji shahidi atalitambua jambo hilo.

Kanuni ya mafungu haya ilichambuliwa mwaka 1813 na Joseph Gergonne, Mfaransa aliyepigana Valmy mwaka 1792 akiwa mwanajeshi, kabla ya kuwa bingwa wa hisabati. Yeye alitumia karata 27.

Mzee alikuwa na sababu yake ya kufundisha. Alipokuwa kuruta, alisimama mbele ya mtu mwenye karata tatu, katika mchezo ambao Kenya huitwa pata potea na Dar es Salaam karata tatu. Alimwona mtu mmoja akishinda mara mbili, naye akaweka mshahara wake wote wa mwezi. Aliyeshinda alikuwa mwenzi wa mwenye karata. Huko hakuna hisabati: mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, akaonekana kuiangusha ya chini, hali ameiangusha ya juu. Jicho hufuata karata isiyo yenyewe.

Sheria ya jinai ya Uganda hukuhesabu kujipatia mali ya mtu kwa hila kuwa kosa, lakini mzee hakushtaki. Aliona haya kumweleza sajini wake, tena mbele ya makuruta wenzake, jinsi fedha zilivyokwenda.

Kijana akataka mchezo urudiwe, akatoa noti ya shilingi iwe dau. Mzee alizikusanya karata akazitia mfukoni, wala hakuzitoa mpaka noti iliporudi ilikotoka. Safari hii kijana ndiye aliyegawa, na mwandishi ndiye aliyechagua. Mara ya kwanza alikosa, kwa kuwa alichanga karata baada ya mgao wa pili. Alipojaribu tena, karata ya 11 ilikuwa ree ya shupaza, ile ile niliyoichagua.